Amri ya waziri ni nusu tu ya tatizo
Kwamba rushwa katika parke (ofisi ya waendesha mashtaka) hapa Kongo-Kinshasa itakoma siku Waziri wa Sheria atakapoacha kuwaamuru waendesha mashtaka, kama inavyodai makala ninayoijibu, nakubali kwa nusu tu. Ni kweli marekebisho ya Katiba ya tarehe 20 Januari 2011 yaliondoa parke katika kifungu cha 149, kinachotaja vyombo vya mamlaka huru ya mahakama, na sheria ya 2013 inampa waziri uwezo wa kuagiza mashtaka yaanzishwe. Lakini faili la mjomba wangu hapa Lubumbashi, la ugomvi wa kiwanja kidogo, halikumhusu waziri yeyote, bali lilikwama kwa sababu kila tulipofika tuliombwa pesa za karatasi (karatasi zenyewe hatukuziona) na za usafiri wa mpelelezi. Wasomaji wa Likasi na Kolwezi, huko kwenu mlalamikaji hupewa risiti?