Tuzo sawa, ada ya chuo je?

Hongera kwa wanafunzi wa sekondari hapa Mbeya waliopewa tuzo za uchoraji na ngoma, wanastahili kabisa. Lakini baada ya cheti? Samia Scholarship inawasomesha waliofaulu vizuri sayansi kidato cha sita, na ni jambo jema sana. Mchoraji naye? TaSUBa, chuo cha sanaa, iko mbali kule Bagamoyo. Mzazi anayeuza viazi Uyole atoe wapi nauli, ada na hela ya chumba? Binti wa jirani yangu anachora kwa mkaa nyuma ya madaftari yaliyokwisha. Uso wa bibi yake kauchora mpaka kovu la kwenye nyusi linaonekana, na rangi hana! Halmashauri imlipie ada hata mtoto mmoja kila mwaka, na wanaong'ara kwenye sanaa UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, wafuatiliwe mpaka wafike chuoni.