Halingi ugenini: urithi wa Waayalandi au mchezo wa yeyote?

Mwaka 1888 wanamichezo wapatao 50 walivuka Atlantiki kutoka Ayalandi kwenda Marekani kuonyesha halingi na riadha, wakitumaini kurudi na fedha za kuandaa tamasha kubwa nyumbani. Chama chao, GAA, kinachosimamia michezo ya jadi ya Ayalandi, kilikuwa na miaka minne tu. Hali ya hewa ikawaangusha, watazamaji wakawa wachache, na ikabidi mwanasiasa Michael Davitt awakopeshe fedha. Baadhi yao hawakurudi kabisa. Walikwenda kuchangisha, wakageuka wahamiaji.

Kwa asiyeujua: halingi ni watu 15 kila upande, fimbo ya mti wa ash iliyo pana mwishoni kama kafi, na mpira mdogo wa ngozi unaopigwa ukiwa hewani. Ukiutazama mara ya kwanza utadhani ni hoki iliyopandwa na mashetani.

Wapo wanaosema wahamiaji ndio walioubeba mchezo huu, na ushahidi wanao. Katika fainali ya ubingwa wa Ayalandi ya 1901, kaunti ya Cork ilifungwa na timu ya London, Waayalandi waliokwenda huko kutafuta riziki. Kombe ambalo vijana wa kaunti za Kilkenny na Tipperary huota kulinyanyua linaitwa Liam MacCarthy, na huyo alizaliwa London kwa wazazi wahamiaji. Ugenini haukuwa pembezoni mwa mchezo.

Hata hivyo, tukitazama vizazi vilivyofuata, picha inabadilika. Buenos Aires, mji mkuu wa Ajentina, ilikuwa na jamii kubwa ya Waayalandi, na mhariri William Bulfin aliupigia debe mchezo huu katika gazeti lake, The Southern Cross. Mwaka 1922 ikazaliwa Hurling Club. Leo klabu hiyo ipo, jina lipo, lakini wanachama wake wanacheza raga na hoki. Maelezo yanayorudiwa ni kwamba vita vilikata meli zilizoleta fimbo kutoka Ayalandi. Mimi siridhiki nayo. Vita viliisha 1945, na mbao zingeweza kusafiri tena. Kilichokuwa kimekatika ni watu: wageni wapya hawakuja, na wajukuu walikuwa Waajentina waliocheza walichocheza wenzao shuleni.

New York nako yalitokea yanayofanana. Uwanja wa Gaelic Park kule Bronx ulitegemea vijana walioshuka kutoka Ayalandi. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1965 ilipobana mlango huo, klabu zikazoea kuagiza wachezaji kwa ndege wakati wa kiangazi. Ni sawa na kuchota maji kwa ndoo wakati kisima kimekauka.

Kuuzungushia mchezo uzio kulikuwa na sababu zake, sikatai. Hadi 1971 GAA kilimfungia mwanachama aliyecheza soka, raga, hoki au kriketi, hata aliyekwenda kutazama tu. Katika nchi iliyotawaliwa na Uingereza, huo ulikuwa msimamo wa kisiasa unaoeleweka. Lakini fikra hiyohiyo ikipelekwa mahali ambapo Waayalandi ni wachache, inamlazimu mtoto achague kati ya babu yake na marafiki zake, na tunajua babu hushindwa.

Milwaukee, mji wa Marekani, walifanya kinyume. Klabu yao ya sasa ilianza katikati ya miaka ya 1990, ikapokea yeyote, wanaume na wanawake uwanja mmoja, wengi wakiwa hawajawahi kushika fimbo. Imekuwa miongoni mwa klabu kubwa zaidi za halingi Amerika Kaskazini. Wakongwe hunung'unika kuhusu kiwango, na katika hilo wana haki: kukimbia mpira ukiwa juu ya fimbo ni jambo la kujifunza ukiwa na miaka mitano, si 25. Ila Buenos Aires walikuwa na kiwango na damu vyote viwili, wakaishia kwenye raga. Mimi ningechagua wanaokosea mpira kila Jumapili lakini wanarudi Jumapili inayofuata.