Deiwaka wa Queen's Hall: uhuni au njaa?

Ikitajwa okestra ya Queen's Hall, ukumbi wa muziki pale London, Henry Wood aliyekuwa akiiongoza ndo anamwagiwa sifa zote, eti aliwanyoosha wanamuziki wazembe. Hoja alikuwa nayo, sikatai, ila hao "wazembe" sijaona wakisikilizwa vizuri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 London haikuwa na okestra hata moja yenye wanamuziki wa mshahara wa kudumu. Unaitwa kwa shoo au kwa msimu, ukimaliza unarudi kusubiri. Sasa umekubali kazi, mara inatokea nyingine yenye hela nzuri zaidi, unafanyaje? Unapeleka deiwaka akushikie kiti, na deiwaka naye akipata dili anatuma wa kwake. Siku moja Wood anaingia mazoezini anakuta sura ngeni tupu kwenye okestra yake mwenyewe. Ungekuwa wewe? Jana umewaelekeza watu hapa mshushe sauti, hapa mnisubiri, leo hawapo, unaanza upya, na atakayekaa pale usiku wa shoo humjui bado. Na zile Proms, msimu wa shoo za okestra hiyo, zilikuwa shoo sita kwa wiki, mazoezi mara tatu tu. Hapo namwelewa kabisa.

Mwaka 1904 meneja Robert Newman akapanda jukwaani akawaambia kuanzia sasa hakuna deiwaka, asubuhi njema. Basi, kaondoka zake.

Mi ndo hapo panaponikwama. Wapigaji hawakuwa wanalipwa vizuri, ile ruhusa ya kuchomoka kufuata hela ilikuwa ni sehemu ya kipato chenyewe, kwa hiyo ukiifuta kwa sentensi moja umemkata mtu mshahara halafu unamwita hana nidhamu kwa sababu kanuna! Kama 40 hivi wakaondoka. Mei ya mwaka huohuo wanne, watatu wa honi na mmoja wa tarumbeta, wako kwenye treni wanaenda kaskazini kupiga chini ya Wood huyohuyo, wakapanga humo humo ndani kuanzisha ya kwao. Tarehe 9 Juni London Symphony Orchestra ikapiga shoo ya kwanza, Hans Richter ameshika kifimbo, na ukumbi ni uleule Queen's Hall. Newman aliwaachia ukumbi bila kinyongo, Wood mwenyewe akaja kusikiliza (uungwana huo nao tuuseme). Wapigaji ndo walikuwa wenye mali, wakijiamulia mambo yao, faida wakigawana mwisho wa msimu.

Wanaomtetea Wood wana karata moja nzito: hiyo okestra mpya nayo iliendelea na madeiwaka, tena kwa miaka mingi. Ni kweli. Na 1927 Berlin Philharmonic, okestra ya Ujerumani, walipokuja na kiongozi wao Furtwängler, watu wa London walisikia wenyewe okestra iliyozoeana inavyolia, wakaanza kuona aibu na za kwao. Lakini deiwaka aliondokaje? Kwa tangazo la jukwaani? Miaka 26 baada ya ile "asubuhi njema", yaani 1930, BBC wakaunda okestra chini ya Adrian Boult, wapigaji wakaajiriwa moja kwa moja kwa mshahara wa mwaka mzima, na wapigaji wazuri kabisa wa mjini wakaenda kusaini, wakiwemo waliotoka hiyohiyo London Symphony.