Saa 120 za darasani na chumvi ya Bahari ya Hindi

Jioni, Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, ikisharudi Terminal I ya Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere kutoka Mafia na Zanzibar, fundi huanza na maji. Injini yake ya turbaini, PT6, imevuta hewa ya chumvi kutwa nzima, kwa hiyo huoshwa ndani kwa maji safi kabla chumvi haijaanza kula mapanga ya kompresa. Kisha hupitisha kidole polepole kwenye ukingo wa pangaboi la mbele akitafuta alama za kokoto, hasa kama siku hiyo ndege ilitua kiwanja cha changarawe hifadhini. Kozi ya aina ya ndege aliyosomea ilizipa kazi hizo saa ngapi?

Swali hilo ndilo hasa linaloitwa uchambuzi wa mahitaji ya mafunzo. Kanuni za Ulaya za leseni za mafundi wa ndege, Part-66, ambazo hutumika kama kipimo hata nje ya Ulaya, zimeweka kima cha chini cha nadharia kwa leseni ya B1, yaani ya fundi wa injini na mitambo, kwenye ndege za injini za turbaini: saa 150 kwa ndege iliyozidi kilo 30,000, saa 120 kwa iliyo kati ya kilo 5,700 na 30,000. Lakini muda wa kozi nzima lazima utetewe na uchambuzi: kazi inafanyika mara ngapi, ni ngumu kiasi gani, ikikosewa nini kitatokea, mafundi hukosea wapi, ndege ina jambo gani geni. Uchambuzi ukionyesha saa zaidi zinahitajika, kozi irefushwe.

Wapo wanaosema namba hiyo ya kima cha chini inatosha bila uchambuzi, na siwabezi. Siku ya darasa haizidi saa 6, kwa hiyo saa 120 ni siku 20 kamili. Kampuni yenye mafundi watatu ikimpeleka mmoja nje kwa muda huo, tena kwa ada ya dola, wawili waliobaki wanabeba zamu zote. Mwajiri wa namna hiyo akipewa nafasi ya kujitetea kwa karatasi, ni rahisi apate mtu wa kumwandikia kwamba fundi wake "anajua tayari". Namba haibembelezeki, na mkaguzi yeyote anaweza kuihesabu.

Ila uzito wa ndege ni kipimo kipofu. ATR 72 ina tani kama 23, Dash 8 Q400 inakaribia 30. Zote zinaangukia saa 120. Boeing 767 na 787 zote ni saa 150, ilhali fundi anayetoka 767 kwenda 787 ana mengi ya kuyasahau kwanza: hewa ya kabini haitolewi tena kwenye injini bali hubanwa na kompresa za umeme, na kiwiliwili si cha alumini bali cha nyuzi za kaboni. Air Tanzania peke yake, tangu 2016 hadi 2023, ilipokea Q400, 787-8, A220-300, 767-300F na 737 MAX 9. Aina tano ndani ya miaka saba. Kuwagawia mafundi hao saa sawasawa kwa kila mfumo, wakati kila mmoja ametoka kwenye ndege tofauti, ni kupoteza muda wao.

Mimi naona kima cha chini kibaki, kisiguswe. Ninachokipinga ni uchambuzi wa kunakili. Nimewahi kushika mmoja, umeandaliwa kwa ajili ya kampuni ya pwani: kufagia theluji bawani kulipewa saa zake, kutu haikufika hata saa moja. Barafu ya angani tunakutana nayo, hilo halina ubishi. Lakini theluji ya kufagia hapa Dar es Salaam? Wakati huohuo plagi za nyaya tumboni mwa ndege zinaota ukungu wa kijani, na fundi anahangaika na hitilafu inayokuja na kupotea mpaka abiria wanaanza kusimama.

Uchambuzi uanzie kwenye kitabu cha hitilafu cha ndege husika, cha miaka miwili ya karibuni, ndipo ufungue silabasi ya chuo. Yule fundi wa Caravan huandika humo kila jioni akimaliza kuosha injini. Anayeandaa kozi aombe nakala, aje na kiti, akae naye.