PAA, PAA, PAA!

Jamani, fumbo la maneno hili, jibu herufi tatu tu! Kidokezo cha kwanza: "Hufunika nyumba." PAA. Unajaza, unatabasamu. Cha pili: "Mnyama mdogo jamii ya swala." PAA tena. Cha tatu: "Ondoa magamba ya samaki." Lilelile! Bado "Ruka angani kama ndege," bado "Chukua moto jiko hili upeleke lile." Mtunzi katumia neno moja, sisi tunatoka jasho mara tano.

Na angekuwa mkweli basi! Anaandika "Mnyama, herufi 3," nawe una AA mwishoni. Mwenye magando ni KAA. Yule bapa wa baharini mwenye mkia kama mjeledi ni TAA. Ndiyo maana fumbo hujazwa kwa penseli. Kalamu ya wino waachie wenye kiburi. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo A ya mwisho haikuambii kitu: VAA, ZAA, FAA, JAA, SAA, BAA, zote zimepanga foleni. Mwokozi ni konsonanti ya mwanzo. Usianze na PAA. Tafuta neno refu linalokatiza kisanduku chake cha kwanza, limalize hilo, ndipo urudi.

Sasa moto, hapo ndipo kwenye baa lenyewe. Kaa ni la moto, na kulichota hilo kaa ni kupaa. Moto uleule, AA zilezile! Tazama sarufi: kidokezo kikitaja kitu, KAA, kikikuamuru, PAA. Kidokezo na jibu huvaa sare. "Ruka angani" visanduku 3, "kuruka angani" 5, "ameruka angani" 6, AMEPAA. Nyumba zikiwa nyingi, MAPAA. Lakini wale wanyama hata wakifika mia ni PAA vilevile, hawaongezi herufi hata moja. Wamegoma.

Aliyetuletea haya ni Arthur Wynne, aliyechapisha fumbo lake katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, tena lenye umbo la almasi. Angalau yeye hakujua Kiswahili.

Halafu eti vichwa vya vidokezo ni KULIA na CHINI. Cha kwanza nimeshaanza. Cha pili, ndiko kifutio kilikoangukia.