Konsoli ya siriali imenichosha

Seva haina skrini, haina kibodi, mtandao wake umekata. Njia iliyobaki ni konsoli ya siriali, yaani kuongea nayo kwa maandishi kupitia kile kitundu cha pini 9 nyuma. Unachomeka waya, unafungua programu, unasubiri. Giza. Unabonyeza Enter, kimya. Unabonyeza tena, zinamwagika alama za ajabu ajabu zisizosomeka.

Kumbe mashine inaongea kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde na wewe umeweka 9600. Hilo sawa, ni la dakika moja. Kinachoniudhi ni kwamba kasi hiyohiyo unaiandika upya kila mahali: kwenye BIOS (programu ya kwanza kuwaka), kwenye GRUB (menyu inayopakia Linux), kisha kwenye mstari wa amri wa keneli (kiini cha Linux), console=ttyS0,115200. Ukisahau GRUB, menyu huioni. Ukisahau keneli, maandishi yanakatika katikati ya kuwaka na hujui mashine imekwama au inaendelea. Afadhali systemd, ile inayoanzisha huduma za Linux, ukishaiambia keneli, yenyewe inakuletea sehemu ya kuingiza jina na nywila.

Halafu waya! Ulionyooka na uliopishanishwa, kwa nje ni mapacha kabisa. Kompyuta kwa kompyuta, pini 2 (ya kupokea) lazima iende kwenye 3 (ya kutuma), na 3 kwenye 2, la sivyo pande zote zinasema na hakuna anayesikia. Wiki iliyopita nimekaa sakafuni saa mbili nzima, laptopu mapajani, feni zinanipulizia mgongoni, nabadilisha mipangilio isiyo na kosa lolote. Kosa lilikuwa waya.

Nyie mnaotengeneza waya hizi, mnashindwa nini kuandika neno moja tu pale kwenye kichwa chake?