Ile Sauti Mliyosikia Si Kilio, Ni Honi

Kabla hamjaendelea kunitumia hizo alama za kicheko, naomba niseme jambo moja tu: ile sauti mliyotumiwa, ya siku rafiki yangu Swahiba alipolivuta gari langu bovu kwa kamba, si kilio. Ni honi. Nitaeleza.

Najua Swahiba ameshafika kwenu kabla yangu. Huyu mtu ukimtuma kitu cha dharura anarudi kesho yake, lakini habari yangu aliifikisha kwenye makundi matatu ya WhatsApp kabla mimi sijashuka garini. Kwenye simulizi yake nililia kama mbuzi, nikamwita mama, halafu nikaomba nishushwe. La mama nitalifikia. Ila nishushwe na nani, jamani, wakati aliyeshika usukani ni mimi?

Haya. Ule mkweche wangu wengi mnaujua, maana nilishawaonyesha picha na mkaniuliza kama ni gari au ni banda. Niliununua kwa bei ya kutupa, kwa mtu aliyekuwa ameshaufutia usajili. Hauna namba, hauna bima, hauna ruhusa ya kukanyaga lami. Miezi kumi na minne umekaa nyuma ya nyumba ukinisubiri nipate hela, mpaka majani yakatokeza kwenye redieta. Juzi fundi akasema, "Lete nilione." Alisema "lete" kama anayeagiza kiatu.

Hapo nikakutana na fumbo. Lisajiliwe? Mpaka likaguliwe. Likaguliwe? Mpaka litengenezwe. Litengenezwe? Mpaka lifike gereji. Na barabarani haliruhusiwi mpaka lisajiliwe. Nililala na hilo fumbo, nikaamka na jibu ambalo niliona kabisa kwamba mawakili wamelikosa miaka yote hii. Injini imezimwa. Gari lisilowaka halijiendeshi. Kitu kisichojiendesha, kinachoburuzwa kwa kamba, ni mzigo. Ni gogo. Gogo limewahi kudaiwa bima na nani?

Swahiba akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Hapo umenena." Shikeni hilo neno. Kwenye sauti aliyowasambazia halimo.

Na msidhani nilikurupuka. Nilisoma. Nilisoma kwamba Uingereza kamba kati ya magari mawili haitakiwi kuzidi mita 4.5, na ikizidi mita 1.5 lazima ifungwe kitu cha kuonekana ili mtu asije akakatiza katikati akidhani pako wazi. Nikatafuta kamba ya mita 4 na katikati nikaifunga kipande cha fulana yangu nyekundu. Habari za usajili nazo zilikuwepo, nikaziruka. Zilikuwa ndefu. Nyuma ya gari, palepale pa kukaa namba, nikabandika boksi nililoandika kwa maka: LINAVUTWA. Nilirudi nyuma hatua tatu kuliangalia, nikaridhika nalo sana.

Ringi ya kufungia kamba ilitutoa jasho kidogo. Kwenye magari mengi hiyo ringi hukaa kwenye buti pamoja na jeki, na tundu lake limejificha kwenye bampa nyuma ya kifuniko kidogo. Tukaizungusha kama wanadamu wote wanavyofunga skrubu, ikagoma. Swahiba akatangaza kwamba ni kutu. Akamwaga oili. Akagonga na nyundo. Alipita mtoto na baiskeli, akasimama, akatutazama, akasema, "Zungusheni upande ule mwingine." Ikaingia kama ufunguo mlangoni. Ringi hizi nyingi hufungwa kinyume, kwa kuzungushia kushoto. Nusu saa yetu ikaenda hivyo, na mtoto akabaki kutazama kuna nini kingine.

Nikaingia ndani. Ufunguo nikauzungusha hatua moja ili usukani usijifunge njiani. Hilo nalijua, msinifundishe. Gia ni za mkono, nikaweka nyutro. (Wenye otomatiki, msiige hata hili: pampu inayosukuma oili kwenye giaboksi huzungushwa na injini, kwa hiyo ukiliburuza gari na magurudumu yake ya kuendeshea yako chini, giaboksi inasagika kavu. Utafika gereji na tatizo la pili.) Betri ilishakufa siku nyingi. Hazadi hakuna, taa za breki hakuna, na dirisha la umeme lilikuwa limegandia limeshuka upana wa kiganja tu. Nikajaribu pedali ya breki: ngumu kama jiwe. Nikatoa kichwa, yaani nikatoa pua kwenye ule upenyo, nikamwambia Swahiba, "Breki ziko imara!"

Naomba mkae kidogo na hiyo sentensi. Breki ya gari husaidiwa na mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Injini isipowaka, msaada huo haupo, na pedali inakuwa ngumu kwa sababu inakusubiri ufanye kazi yote kwa mguu wako. Yaani ule ugumu nilioufurahia ndio uliokuwa onyo.

Swahiba naye akatoa neno la mwisho kabla ya safari. "Ukipata shida yoyote, piga honi."

Nikamjibu, "Sawa."

Betri imekufa. Nimejibu sawa.

Mwanzo tulikwenda vizuri, kama unaita vizuri kupigwa shingo mbele na nyuma kila Swahiba anapobadilisha gia. Watu walikuwa wakitupungia mkono. Mimi nikawa nawapungia pia, kwa vidole vinne, maana ndivyo vilivyotosha kwenye ule upenyo. Nikaanza hata kupanga nitakavyowaandikia ninyi kuhusu werevu wangu. Kichwa cha habari nilishakipata.

Halafu barabara ikaanza kuteremka. Na chini kabisa ya mteremko, akiwa na fulana yake ya kung'aa, alisimama trafiki.

Akainua mkono. Akaunyanyua taratibu, bila hasira. Swahiba, raia mwema, akakanyaga breki zake, ambazo zina injini.

Jambo la kwanza nililoliona ni kile kitambaa chekundu. Kilikuwa kimetulia hewani, kamba imekaza. Kikaanza kushuka. Kikagusa lami. Kikaingia chini ya bampa langu na sikukiona tena. Nikakanyaga breki. Gari likaendelea kwenda kama halijaambiwa. Nikaongeza mguu wa pili. Nikanyanyuka kwenye kiti, nikasimama wima juu ya pedali, kisogo kimegusa paa, na gari likapunguza mwendo, kweli lilipunguza, lakini kwa hiari yake.

Nyuma ya gari la Swahiba ikaanza kuwa kubwa. Niliziona namba zake, nzuri, halali, zimekaguliwa. Nikaona vumbi mtu alipochora kwa kidole "nioshe". Nikapiga honi. Kimya. Nikapiga tena, polepole, kwa kidole gumba, kama anayegonga mlango wa mkubwa. Kimya.

Na hapo, ndugu zangu, mdomo wangu ukaamua wenyewe. Sikuutuma.

"Pii."

Ya kwanza ilikuwa ya adabu. "Pii pii." Hiyo ya kumkumbusha. Kisha nikavuta pumzi na kupeleka mdomo kwenye ule upenyo wa dirisha: "PIIIIIIIIII!" Pumzi ikaanza kuisha huku gari halijasimama, na mwishoni kabisa ile "piiii" ikageuka ikawa "piii-mamaaa." Ndiyo, mama alitajwa. Lakini alitajwa ndani ya honi.

Nikaushika usukani kwa mikono yote miwili na kifua. Bila injini nao ni mzito kama unageuza kinu. Ukakubali kidogo. Pua ya gari ikaikosa kona ya bampa la Swahiba kwa unene wa kidole, ikaingia upande wa katikati ya barabara, nami nikaanza kulipita gari linalonivuta. Kwa mwendo wa mzee anayetoka msikitini. Nikaiona taa yake ya nyuma. Nikauona mlango wa nyuma. Nikauona mkanda wa kiti. Nikamwona Swahiba mwenyewe, ubavu, akitazama mbele kwa trafiki na tabasamu la mtu asiye na kosa. Halafu akahisi kivuli, akageuka.

Hesabu sasa. Gari lake lina urefu wa kama mita 4. Kamba ni mita 4, imefungwa kwenye mkia wake na kwenye pua yangu. Kwa hiyo kamba ilipoisha, ikakaza, ikanishika kwa mshtuko mmoja, na magari mawili yakasimama pua kwa pua, dirisha kwa dirisha, kama farasi wa mkokoteni mmoja. Laiti ningechukua kamba ya mita 3, msingekuwa na cha kucheka.

Kimya. Upepo tu.

Na mimi, kwa sababu hakuna aliyeuarifu mdomo kwamba tumeshafika, bado nilikuwa nasema, "Piiii."

Trafiki alikuwa mbele yetu wote wawili na mkono wake bado uko juu. Akaushusha polepole. Akaitazama ile kamba inayotoka mkiani mwa gari la kwanza na kurudi puani mwa gari la pili. Akaja upande wangu, akainama kwenye upenyo.

"Nani anamvuta nani?"

"Mimi ndiye ninayevutwa, afande."

"Mbona umefika wakati mmoja na anayekuvuta?"

Hilo sikuwa nimeliandalia jibu. Akaenda nyuma, akasoma boksi langu kwa sauti: "Linavutwa." Akarudi. "Namba iko wapi?"

Nikaona ndio wakati. Nikajikohoza, nikatoa ile hoja ya kisheria niliyolala nayo. "Afande, kwa heshima, hili si gari. Ni mzigo."

"Mzigo."

"Ndiyo, afande. Injini imezimwa."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa upole, na huo upole ndio uliouma. "Mzigo una usukani. Mzigo una mtu ndani, amevaa mkanda. Mzigo unapiga honi kwa mdomo. Bwana mkubwa, gari likiwa juu ya gari lingine, hilo ni mzigo. Likiwa nyuma ya gari lingine, magurudumu yake yako barabarani, hilo ni gari, na aliyeshika usukani ni dereva. Leseni?"

Leseni ilikuwa nyumbani. Nani hubeba leseni kwenda kukaa ndani ya mzigo?

Nikajitetea kwa elimu. Nikamwambia kwamba Uingereza kamba haizidi mita 4.5 na yangu ni 4, na kitambaa nimefunga. Akauliza kiko wapi hicho kitambaa. Kilikuwa chini ya tairi langu. Akauliza kama hapa ni Uingereza. Swahiba, ambaye mpaka hapo alikuwa amekufa ganzi, akaona aokoe jahazi: "Afande, na kama tungeinua magurudumu ya mbele tu?" Afande akamtazama. "Na ya nyuma yatakuwa yanaelea?"

Hapo ndipo Swahiba alipoanza kucheka. Na hapo ndipo nilipoiona simu yake kwenye dashibodi. Aliiwasha irekodi tangu nyumbani, eti kwa ajili ya kumbukumbu ya safari.

Mengine hayana utamu. Faini nililipa. Swahiba naye alilipa yake, na hilo pia kwenye sauti halimo. Likaitwa lori la kubeba magari, lile lenye mgongo unaolala, dereva akaupandisha mkweche kwa winchi kwa muda usiofika hata wa kufunga ile ringi, akaufunga mikanda magurudumu yote manne, akaondoka nao juu kama bibi harusi. Gharama siitaji. Niseme tu kwamba kulibeba gari kumenigharimu zaidi ya kulinunua. Na lilipopita mbele ya yule afande, halina namba, halina bima, halina chochote, alilipungia mkono.

Kuhusu jina jipya mlilonipa, nimeliona. Hata wale wa kundi la familia nimewaona. Shangazi ameniandikia "Honi, umeshakula?" na akaweka nukta, kama jina la kawaida.

Jana fundi alinipigia kuuliza tuanze na nini, injini au breki. Nikamwambia aanze na honi. Akanyamaza kidogo, nikasikia ameziba simu kwa kiganja, halafu watu kama wanne hivi huko gereji wakapiga kwa pamoja: "Piii-mamaaa."